Supu ya Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Kibosi amemimina maziwa ndani ya kiatu changu cha chuo, sasa hivi tu. Na si kwa bahati mbaya! Amekishika kiatu kwa mikono miwili, amemimina taratibu, halafu akaniangalia kama fundi aliyemaliza kazi. "Kunywa," ananiambia. Miaka miwili hajafikisha, tayari anahudumia wateja. Nilitaka kumkaripia, nikajikuta nimekaa chini nacheka. Nimembusu utosini. Ananuka maziwa na jua.

Mama mkwe hakucheka. Yeye kicheko anakiona kama ugonjwa wa watoto. Kasema mjukuu wake anaharibika kwa sababu mama mtu anakwenda kusomea kubeba sahani. Kubeba sahani nako kuna chuo? Wao walizaliwa wanajua. Sawa, Mama. Mlizaliwa na trei begani. Sikumjibu, maana yeye ndiye anayebaki na mtoto mchana. Yangu nayamalizia humu, karatasi haina mdomo.

Kiatu nimekianika. Leo naenda na ndala. Mwalimu ataongea mpaka povu limtoke. Aongee.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Aliongea. Lakini si ya ndala!

Chuo chetu ni vyumba viwili juu ya duka la rangi. Tunasoma uhudumu wa hoteli huku tunavuta harufu ya rangi ya mafuta, tukitoka hapo vichwa vinazunguka kama feni. Meza ipo, kitambaa cheupe kipo, vijiko na uma vipo vya kila namna. Chakula ndiyo hakuna. Hata punje. Mwalimu anakaa mezani anajifanya mgeni, sisi tunamhudumia sahani tupu. Ndiyo maana tumempa jina la Mgeni Rasmi. Anavaa tai, anaweka kidevu juu, anaita "Mhudumu!" kama mtu mwenye hoteli saba. Kumbe amekalia kiti chenye mguu uliofungwa kamba.

Leo ilikuwa zamu yangu ya supu. Nikaleta bakuli tupu. Karibu supu, bwana. Akachovya kijiko kwenye hewa, akapeleka mdomoni, akameza. Nakwambia akameza! Koo lilipanda likashuka. Kisha akakunja uso: supu imepoa.

Sasa mtu ufanye nini? Nikaomba radhi, nikachukua bakuli, nikaenda mpaka mlangoni, nikasimama pale kama mjinga, nikarudi na bakuli lile lile. Karibu supu ya moto, bwana.

Akaipuliza.

Hapo ndipo niliposhindwa. Shoga yangu Twiga alikuwa nyuma ya mlango, nikasikia ametoa mlio kama tairi linaloishiwa upepo, basi na mimi nikalipuka. Mgeni Rasmi akaweka kijiko chini. "Mama Mtoto, unamcheka mgeni?" Ndivyo anavyoniita, Mama Mtoto, kama vile kuzaa ni kosa la darasani. Nikamwambia hapana Mwalimu, naicheka supu.

Darasa zima likaenda chini ya meza. Nikatolewa nje. Twiga naye akatolewa. Tulikaa kwenye ngazi tukagawana mkate wake, na kila tukitulia mmoja wetu anapuliza kidogo tu, fuu, tunaanza upya. Mbavu bado zinauma. Ni siku nzuri.

Jumanne, 4 Machi

Siku mbaya.

Leo somo la kutabasamu. Ndiyo, kuna somo hilo! Kila mtu anasimama mbele ya kioo, Mgeni Rasmi anapita nyuma kama mnunuzi wa ng'ombe, anaangalia meno. Aliyesifiwa ni kiongozi wa darasa, tunayemwita Meno. Yule binti anatabasamu hata akikanyagwa. Umwambie nyumba yenu inaungua, atakuonyesha magego. Mwalimu kasema huyo ndiye mhudumu. Mimi nasema huyo ni piano.

Alipofika kwangu alisimama muda mrefu. Akasema tabasamu langu lina dharau.

Nikasema ndivyo uso ulivyo, Mwalimu. Akasema hapana, uso hauna kosa, kosa liko nyuma ya uso.

Halafu akatangaza. Ijumaa ya wiki ijayo ni mtihani wa vitendo. Anakuja bibi mkubwa mmoja, msimamizi wa ile hoteli ya ghorofa karibu na stesheni, na atakaowapenda anawachukua moja kwa moja kazini. Moja kwa moja! Kisha akanigeukia, mbele ya wote: uso kama huu sitaupeleka mbele ya mgeni wangu. Wewe siku hiyo utakaa nyuma, utaosha vyombo.

Meno akatabasamu. Bila shaka.

Njiani Twiga alijaribu kunichekesha, haikuwezekana. Nimeitaka ile hoteli tangu nikiwa na tumbo la Kibosi. Mtu akiajiriwa pale anaweza kupanga chumba chake. Chumba chenye mlango, mlango wenye ufunguo, na ndani mimi na mwanangu na baba yake akirudi, tunamwaga maziwa tunapotaka. Hapa nilipo hata kukohoa naomba ruhusa.

Na yote hayo yananipita kwa ajili ya supu ambayo haipo.

Alhamisi, 6 Machi

Adhabu imeanza mapema, eti nizoee. Wenzangu wanahudumia, mimi niko kichumba cha nyuma, naosha.

Naosha nini? Sahani safi! Zimetoka kabatini safi, zimekwenda mezani safi, hajala mtu, zinarudi kwangu. Nazisugua kwa sabuni. Nazikausha. Zinarudi kabatini safi kuliko haki yao. Kama kuna kazi ya kipumbavu zaidi ya hii duniani, basi ni ile ya kula hewa iliyomo.

Twiga ndiye anayeniletea. Lile jitu refu linainama mlangoni lisigonge kichwa, limebeba sahani kwa adabu, linaninong'oneza: "Shoga, mgeni leo kala kama mjane kwenye shughuli. Sugua hapo, mchuzi umeganda." Namjibu mbona mifupa hamkutoa? Anasema ameitafuna na mifupa. Tunajibana midomo kwa aproni mpaka machozi yanatoka.

Nimegundua kitu. Kule mbele wanafundishwa kufurahi na hakuna anayefurahi. Huku nyuma kwenye beseni tumekatazwa, na ndiko furaha iliko.

Lakini furaha ya beseni haipangishi chumba. Hilo nalijua.

Jumapili, 9 Machi

Kibosi kalala, nina dakika zangu.

Asubuhi niliamua kufanya mazoezi. Nikasema nitalijifunza hilo tabasamu lao, haliwezi kuwa gumu kuliko kuzaa. Nikapiga magoti mbele ya mwanangu, nikanyoosha shingo, nikafungua meno kama Mgeni Rasmi anavyotaka. Karibu, bwana.

Kibosi aliniangalia. Mdomo ukaanza kutetemeka. Akapiga yowe, akatimua mbio mpaka kwa bibi yake, akajificha kwenye kanga!

Mama mkwe akatoka mbio na mwiko. Umemfanya nini mtoto?

Nikasema, nimemtabasamia, Mama.

Akasema hebu na yeye nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Mama mkwe akaanza kutikisika mabega, sauti haitoki, mpaka akashika ukuta. Kasema, "Mama Kibosi, ukienda na sura hiyo, wageni watalipa bila kula." Yule mama! Nimekaa naye tangu niolewe, sijawahi kuona meno yake ya nyuma. Ana jino moja la dhahabu huko, kumbe. Muda wote huo utajiri kaufungia ndani.

Mchana mume wangu kapiga simu kutoka kwenye ujenzi huko aliko. Nikamweleza yote. Yeye na upole wake: vumilia mke wangu, ukitaka kucheka subiri ufike nyumbani. Subiri! Kana kwamba kicheko ni mkojo.

Lakini nikimaliza kumdharau nitafikiri alichosema.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kuomba radhi. Mimi!

Nilikwenda saa ya mapumziko, wenzangu wameshuka chini kununua maandazi. Nilikuwa nimejipanga: shikamoo Mwalimu, nimekosa Mwalimu, nipe nafasi Ijumaa. Nikachungulia kwanza mlangoni.

Alikuwa peke yake mezani. Amejitandikia kila kitu, uma kushoto, kisu kulia, kitambaa mapajani. Katikati ya sahani kubwa kuna kipande cha mkate mkavu. Anaukata kwa kisu. Anapeleka mdomoni kwa uma. Anajifuta pembe za mdomo, na hakuna cha kufuta.

Kwa kawaida ningekufa kwa kicheko. Sijui kwa nini sikucheka. Nilikohoa, nikaingia.

Hakuona haya. Aliniacha nimwage maneno yangu yote, kisha akaniuliza: unadhani mimi sijui kama sahani ni tupu? Kasema kila muhula anawaomba wenye chuo chakula cha mazoezi, hata viazi tu, na kila muhula wanamwambia tutaona. Kwa hiyo anameza hewa. Kasema mgeni wa kweli akija na shida zake, akaona usoni kwako kwamba umemwona alivyo mtupu, umemmaliza. Mhudumu anaona na hasemi. Na wewe, Mama Mtoto, uso wako unasema.

Nikafikiri sasa atanisamehe. Mtu akishakwambia maneno mazuri hivyo si lazima akusamehe?

Ng'o! Akakata mkate mwingine. Kasema Ijumaa uko nyuma, na sabuni iletwe mapema.

Mtu mwenyewe anakula mkate mkavu kwa uma na bado ananibania! Kiburi kingekuwa chakula, chuo kizima tungeshiba. Nimeshuka ngazi nasonya. Lakini yale maneno yamenifuata mpaka nyumbani kama mbwa asiye na mwenyewe, nayafukuza, hayaondoki.

Ijumaa, 14 Machi

Niko kichumba cha nyuma. Nimekalia kreti la soda, naandika juu ya goti. Sina cha kuosha bado. Mtihani umeanza, ukuta wenyewe ni wa mbao, nasikia kila kitu.

Asubuhi Mama mkwe kanikazia aproni mwenyewe. Sikumwambia kwamba nimewekwa kwenye beseni. Kasema, "Nenda mwanangu, uwalishe." Mwanangu!

Bibi mkubwa wa hoteli amefika. Nimemchungulia kwenye ufa. Mfupi, mnene, viatu vya chini, hana mbwembwe hata moja. Nilitegemea malkia, kumbe anafanana na mama wa sokoni. Na nyuma yake amepanda mpishi wake amebeba sufuria.

Sufuria! Ina supu! Ya kweli, ina mvuke, harufu imeishinda mpaka ya rangi. Bibi kasema anataka kuona watu wanabeba chakula, si vyombo. Nimemwona Mgeni Rasmi akibadilika sura. Ameketishwa mezani pembeni ya bibi, kwenye kiti chake cha kamba, na kwa mara ya kwanza hajui aweke wapi mikono.

Kwanza anaanza Meno. Namsikia anatoka na trei. Karibu

Loo! Nimeinuka, nimekaa tena. Ngoja niandike kabla sijapasuka.

Kishindo. Bakuli. Kiti. Mtu kasema yalaa! Twiga amekuja mbio kunihadithia, machozi yanamtiririka. Meno alikuja na trei juu begani, kiuno kinazunguka, mwendo ule ule tuliofundishwa. Kwa bakuli tupu ni mwendo mzuri sana! Supu haijafundishwa. Imekwenda upande wake, yote, mapajani kwa Mgeni Rasmi. Na yule binti, Twiga anaapa, hakufunga mdomo! Trei linachuruzika, mwalimu anarukaruka, yeye kasimama na meno yote nje: "Karibu supu, bwana."

Nimecheka. Sikucheka kwa aproni. Nimecheka kile cha nyumbani, cha kukaa chini, beseni lenyewe limeitikia.

Kisha kule kimya.

Nimejiziba, nimechelewa. Mjinga mimi! Wameungua huko na mimi nacheka, na Mwalimu hata kama ni mbwembwe tupu, yale ni mapaja ya mtu. Na nafasi ya mwaka huu basi tena, na ya mwakani pia. Mama mkwe nitamwambia nini.

Twiga amekwenda na kurudi. Ameshika mwimo wa mlango. Kasema bibi ameuliza: nani huyo anacheka huko nyuma? Mgeni Rasmi kajibu hakuna mtu, ni redio.

Redio! Amenificha, au amenionea haya? Sijui.

Na bibi kasema: basi ileteni hiyo redio ije ibebe supu.

Mimi pia sijawahi kubeba supu ya kweli mbele ya mtu. Sufuria bado ni ya moto. Bibi kanipendea nini, au anataka kunisuta mbele za watu? Sijui uso wangu unafanya nini sasa hivi, na hapa hakuna kioo.

Viatu vya Mgeni Rasmi kwenye korido, vinalia maji. Ananiita. Hajasema Mama Mtoto, amesema dada. Anasema nifute mikono, nije upesi, trei nilishike chini na karibu na kifua, na nikifika mezani kwa bibi yule, uso wangu nisiubadilishe. Naenda.