Yoyo ya Mguu wa Kigoda

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mama hakunifunza kuongea na mkubwa bila kumwamkia.

Unaikumbuka yoyo ya kwanza? Uliikata kwenye mguu wa kigoda cha mama cha kukamulia, ukapigilia msumari katikati, ukafunga uzi ukaukaza. Mama alikamua wiki nzima ameinama upande mmoja, na wewe ukala fimbo. Lakini yoyo ile ukiirusha inarudi hapo hapo. Mimi niliipenda hivyo.

Wewe hukuridhika. Ulitaka ikae chini kwanza, izunguke. Ukauacha uzi uwe kitanzi kilicholegea kwenye msumari, ikazunguka kidogo ndipo ikapanda. Bado hukutosheka. Ukachonga nyingine, katikati nyembamba, kingo nzito, ukatia beringi uliyoitoa kwenye grenda mbovu ya fundi wa kuchomelea. Ukaiosha kwa petroli hadi grisi yote ikatoka. Ikazunguka mpaka nikachoka kuhesabu, ila haikupanda tena.

"Umeiharibu," nikakuambia.

"Sijaiharibu. Hii mpaka uiite."

Ukalegeza uzi kidogo kwa kidole, uzi ukanasa ndani, ikaruka mkononi mwako. Mimi nilijaribu mwaka mzima nikashindwa, na ulinicheka sana.

Kisha ukaniachia yoyo, ukashuka Balangdalalu kuvuna alizeti. Wiki tatu, ulisema. Huu ni mwaka wa nne. Baba amekutafuta hadi Hirbadaw, akiwaonyesha wafugaji picha yako kwenye simu mpaka kioo kimepasuka. Hakuna aliyekuona.

Sasa wazee wamekaa, wakaamua tusikungoje tena. Jumamosi unaombewa misa ya marehemu hapa Masieda. Mama amekubali, na hilo ndilo limenimaliza. Nina hasira na wewe, kaka. Nakasirika, nalia, halafu naenda kuchota maji kama kawaida. Tumaini la nyumbani limekwisha, na sijui nilimwage wapi hili langu lililobaki.

Leo nimeipaka ile beringi grisi, nyingi, jambo ulilokuwa ukinikataza. Nikairusha nyuma ya zizi. Ikazunguka kidogo, ikapanda yenyewe, ikagota kiganjani.

Nikaishika. Halafu nikakuita wewe, kwa jina lako, kwa sauti, mara tatu. Ng'ombe waligeuka kuniangalia.

Pumzika, kama kweli umepumzika.

Mdogo wako, uliyemwachia yoyo