Sahihi ya Vance Delmore kwenye Picha ya Bibi

Barabara ya Magnolia,
Burbank, California.
9 Novemba, 1987.

Mpendwa Shangazi Nadine,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua, nikijua wewe huko Alaska umekwisha kuvaa soksi tatu tatu. Mgongo unaendeleaje? Na Mjomba Earl, bado anakwenda kuvua kwenye barafu na kurudi na mafua tu? Sisi wazima. Mama yako, Bibi Opal, ni mzima kupita kiasi, kama utakavyoona.

Unajua niliiacha shule kabla haijaniacha. Sasa huku naitwa Profesa, na si utani. Hapa dukani kwa Mzee Gus, tunaponunua na kuuza sahihi za waigizaji wa zamani, hakuna mwenye jicho kama langu, ila yeye mwenyewe. Juzi mtu kaleta picha ya mwigizaji aliyekufa kabla ya vita, imetiwa sahihi kwa makapeni, kalamu ambayo ilikuwa haijabuniwa hata miaka kumi baadaye. Nikamwuliza kama marehemu alitoka kaburini kwenda kuinunua. Akaondoka bila kuaga.

Kosa langu ni kwamba mambo haya nilimhubiria Bibi kila Jumapili juu ya nyama ya kuoka.

Basi Jumamosi kaingia dukani na picha kifuani. Ile ya ukumbini, Shangazi, uliyokulia chini yake: mwigizaji Vance Delmore na kofia yake. Hadithi unaijua kuliko mimi, jinsi alivyosimamisha gari kwenye geti la studio ya sinema, akatia sahihi juu ya boneti huku Bibi amemshikia kofia. Nyuma yake akaingia jirani yake, Bi Thelma Crane, ambaye alikuwa amesema mbele ya meza nzima ya mchezo wa bingo kwamba picha ile ililetwa na tarishi, kama za watu wengine wote.

"Mwambie huyu," Bibi akasema. "Mwambie ni mkono wa nani."

"Lakini aseme kweli," Bi Thelma akadakia. "Asiseme kwa ajili ya pai unazompikia."

Mzee Gus akacheka hadi akakohoa. "Profesa akisema ni halali, nainunua na kuiweka dirishani leo hii. Neno lake linanitosha."

Nikaingia nayo chumba cha nyuma. Chumba kile kina mlango mmoja tu, na nje ya mlango walisimama wao watatu.

Mkono wa mtu, Shangazi, hukaza na kulegeza. Wino hunenepa penye kona na kukonda mkiani. Huu ulikuwa unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na kila jina limeanza na kinukta, kama kalamu imetua, ikangoja, ndipo ikaondoka. Nikaweka karatasi nyembamba juu, nikaifuata sahihi kwa penseli, kisha nikailaza karatasi juu ya picha nyingine ya Delmore tuliyokuwa tumeikataa. Hakuna binadamu anayetia sahihi mara mbili sawasawa. Hizi mbili zililaliana mstari kwa mstari. Ilikuwa kazi ya ile mashine ya studio, iliyokuwa ikiwasainia washabiki walioandika barua kuomba picha.

"Mbona kimya?" nikamsikia Bi Thelma. "Profesa kalala?"

"Mjukuu wangu haharakishwi," Bibi akajibu kwa fahari.

Nikisema ni halali, Mzee Gus ataiuza kwa neno langu, na mnunuzi wa kwanza mwenye macho atakuja kututupia picha usoni. Nikisema ni ya mashine, Bibi atakuwa mwongo mbele ya Burbank yote, kwa mdomo wa mjukuu wake. Nikalipima kwa macho dirisha la chumba, nipate kutorokea. Kichwa kingepita, tumbo lisingepita.

Nikatoka. Nikasema, "Sijui."

Neno hilo sijawahi kulitamka dukani. Lilitoka kama jino linalong'olewa.

"Hajui!" Bi Thelma akapiga makofi. "Jamani, Profesa hajui!"

Bibi alinitazama, akanyoosha mkono kuidai picha yake. Hapo Mzee Gus akaiwahi picha, akaweka kioo chake cha kukuzia jichoni. Hakukaa hata sekunde tatu. Yule mzee huitambua sahihi ya mashine akiwa ng'ambo ya barabara. Akanitazama mimi, akamtazama Bibi, akakiweka kioo chini taratibu.

"Hata mimi sijui," akasema. "Na nisichokijua sikinunui. Irudishe ukutani kwako, mama."

Nilidhani nimeponyoka. Wapi! Bibi sasa anatangaza kwamba wataalamu wawili wameikagua picha yake na hawakuona kasoro. Ijumaa ananipeleka bingo nikashuhudie, na shati amekwisha kunipigia pasi.

Kama alimwona Delmore au hakumwona, mimi sikumwuliza. Nawe usimwulize. Akikupigia simu kujisifu, shangaa kwa sauti.

Msalimie sana Mjomba Earl, na binamu yangu Wendell umwambie bado namshinda kwa sura. Mungu awape kuni kavu na afya njema msimu wote wa baridi.

Ni mimi nikupendaye, niliyebanwa huku,
Randy Stovall (Profesa)