Mchanga Chini ya Maua ya Miiba

Kilembe, siku moja kabla ya soko ya Mpondwe

Mama Masika, mke wangu,

Jambo sana. Uko muzima? Batoto beko bazima? Masika ameacha kukohoa? Na magoti ya mama mukwe, baridi ya Butembo haiyasumbue sana? Mimi mwili iko salama, Mungu asifiwe, lakini roho haitulie. Siku ine napiga simu yako, haishike. Banasema rezo ya huko imekatika. Ndiyo maana naandika. Kesho asubuhi Mama Kabugho, ule muuza vitenge, atapita hapa akienda Bwera. Atavuka mpaka na barua akupe mukononi.

Neno kubwa naliweka mbele: usikuje kwanza. Najua ni mimi nilikuambia ukuje. Najua umesha funga mizigo na batoto bameaga masomo. Pardon, nisikilize.

Unakumbuka zile mbegu mugeni mumoja alimuachia madamu, mwenye hii nyumba ya wageni? Ni maua ya miiba, kichwa yake mviringo kama mpira ya batoto, bluu. Za kwanza nilifukia ndani sana, zikaoza zote, madamu akaninunia wiki nzima. Za pili nikatandaza juu juu kwa vikopo, nikafunika na udongo kidogo tu, zikatoka. Mwaka ya kwanza ni majani matupu, haina haraka hata kidogo! Karatasi ya mbegu ilisema haipendi udongo muzuri: inataka mchanga, mawe, fasi maji haikae. Na ikishakua usiihamishe, muzizi yake inashuka mbali, ikikatika inakufa.

Basi nikatafuta mchanga. Nikaipata chini ya bustani, mbele kabisa ya vile vyumba viwili madamu alitupatia. Ee, vile nilifurahi! Juzi akataka mashimo mengine. Nikachimba mpaka kiunoni: mchanga tu, na mawe laini ya mviringo. Kiisha jembe ikagonga sufuria. Chini ya sufuria, kiatu ya mutoto, ya mguu ya kushoto, kamba yake ingali imefungwa. Saizi ya Masika.

Nikaita Mukaka, bibi mzee analala juu kwa kanisa, anauza maharagwe ya kuchemsha hapa kwa barabara. Kiatu hakuiangalia mara mbili.

"Wewe mu-Congo, unalala kwa njia ya mto Nyamwamba," akasema. "Mto ilipita hapa. Maji inafuata mkondo, itarudi."

"Lini?"

"Mi nitajua wapi? Siku itanyamaza na mvua iko kwa mlima, ujue mawe na miti imeifunga huko juu, na itapasuka. Usiulize mutu. Panda mlima."

Nilimwambia madamu. Akacheka: "Muhindo, woga ya vita ulikuja nayo mpaka huku?" Nikarudia jembe, kazi ni kazi. Lakini niliumia, mama. Hiyo woga ndiyo imetuacha hai mpaka leo.

Huko waasi banakaribia, huku mto inangojea. Najua nakuweka katikati. Kama huko imechafuka, toka, lakini ishia Bwera, kwa tantine yako, ule shangazi mushona nguo. Na kama utafika Kilembe hata hivyo, usiulize nyumba ya madamu. Uliza Mukaka wa maharagwe, juu kwa kanisa. Natafuta chumba huko.

Nisalimie mama mukwe, shemeji Kakule wa pikipiki, na katekista wetu, asichoke kutuombea. Batoto uwakumbatie moja moja.

Mimi mume wako, nakuwaza kila saa,
Muhindo, baba ya Masika

Nimefungua tena bahasha. Kumekucha. Mlima iko nyeusi ya mvua tangu jana, na ile maua imefunguka, ya kwanza kabisa. Bluu, mama, ungeipenda. Nimeinama kuiangalia, nikasikia nyuki. Miaka miwili niko hapa, sijawahi kusikia nyuki kwa hii bustani, sababu ya kelele ya mto. Leo nyuki tu. Nimeita madamu, anatafuta funguo. Mukaka amesha pita akipanda, sufuria yake kichwani. Mama Kabugho iko kwa barabara, namkimbizia barua.

Napanda.