Figo ya Kushoto

Malindi

Mpendwa Dada Widad,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta una nafuu huko Mtwapa, na kwamba siku za kusafishwa damu hazikuchoshi kama zamani. Shemeji na watoto je, hawajambo? Sisi huku twashukuru Mungu. Ningekupigia simu, lakini nilivyo mwepesi wa machozi nisingefika mbali.

Nina kazi mpya, nawe utacheka: kulala. Nilikwenda hospitalini kushona mapazia, Daktari Rizwana akaniona nilivyokonda, akasema mtu kama mimi ndiye anayemtafuta. Huwafundisha wanafunzi wa udaktari kutumia kimashine cha altrasaundi kando ya kitanda cha mgonjwa, na mtu mwembamba, asema, huonekana vizuri ndani. Wembamba wangu mliokuwa mkiutania nyumbani sasa una kazi.

Basi kila Jumatano nalala. Pazia nililolishona mwenyewe linapepea, jeli ya baridi inapakwa tumboni, na wanafunzi wananong'ona juu yangu mpaka sijui kama niko macho au naota. Kwenye kioo cha kimashine naliona ini langu, kijivu kama wingu, likipanda na kushuka nikipumua. Daktari huwasisitizia wamsalimu mgonjwa kwanza, wapashe viganja joto, tena wasitaje kitu wasichokiona. Moyo wangu pia nimeuona, Dada. Unafunguka na kujifunga wala hauniulizi.

Wiki jana ilikuwa zamu ya figo. Nilifurahi kuliko wao. Niliwaambia ile ya kushoto waitazame kwa adabu, maana ina mwenyewe, yuko Mtwapa, nimeshamwahidi. Ya kulia ikaonekana mara moja, tena nono. Ya kushoto ikamshinda mwanafunzi Kahonzi, binti atokaye Ganze. Mwenzake Kitsao akamcheka, naye ikamshinda vilevile. Daktari akasema hiyo ndiyo huwasumbua wanaoanza, nilale ubavu. Nikageuka, nusu usingizini, nikamsikia Kahonzi akisema taratibu kwamba yeye hataji asichokiona, na hapo haoni kitu. Daktari akakishika kifaa mwenyewe. Alitafuta muda mrefu, na hakuna aliyecheka tena.

Dada, sina figo ya kushoto. Picha kubwa niliyopigwa Mombasa imethibitisha kwamba nilizaliwa na moja tu. Nilimwuliza Daktari kama hiyo hiyo haiwezi kutolewa. Akanishika mkono, akasema hakuna daktari atakayekubali. Miezi yote hii nakutuliza, nakuahidi kitu ambacho sikuwa nacho. Naumia, Dada, sitakuficha.

Jumamosi nitakuja, tukae pamoja, tufikirie la kufanya. Nisalimie majirani wote, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Najua Shemeji husema nitaogopa kisu. Tafadhali mwambie sikughairi. Sikuumbwa nayo.

Nduguyo akupendaye,
Muzammil