Bastola ya Bei Poa, ya Kutoboa Karatasi

Jumatano, 3 Aprili 2024

Nimemwambia Verlin leo mezani, kati ya mkate wa nyama na viazi: nataka bastola. Ya kwangu mwenyewe. Ya bei poa, ya kulengea shabaha klabuni Jumamosi, basi.

Akatua uma. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona akitua uma kabla nyama haijaisha. Kisha akacheka. Kicheko cha upande mmoja – ule mwingine bado umelala tangu kiharusi – lakini kicheko! Sijakisikia tangu Oktoba.

Akauliza nimekunywa nini. Nikasema kahawa. Akasema mwanamke anayefumba macho akifungua kopo la kinyunya cha biskuti, lile linalofunguka kwa kishindo, hawezi kufyatua bastola. Nikamwambia tutaona.

Ukweli ninauandika hapa tu. Sina hamu na bastola hata chembe. Daktari amesema Verlin atoke nje, aonane na watu, la sivyo atazidi kudidimia kwenye hicho kiti chake. Nimembembeleza kanisani – hataki. Kwenye karata – hataki. Mkono wake wa kulia unaning'inia kama soksi iliyolowa, na hataki mtu auone. Bastola zake aliziuza zote mara tu alipotoka hospitali, kwa siku moja, bila kuniambia. Basi nimefikiri hivi: kama hatakwenda klabuni kwa kupenda, atakwenda kwa uchungu wa kuniona mimi naharibu mambo. Namjua. Hawezi kumwona mtu anakosea akanyamaza.

Ijumaa, 5 Aprili

Dukani. Nilimpitia Gaylen anisindikize. Yeye na Verlin wamelenga shabaha pamoja tangu wakiwa na nywele. Ndani ya gari nikamweleza mpango wote. Tulipopita maghala ya mahindi akasema, "Shemeji, akigundua atatuua sote wawili." Nikamuuliza atatuua na nini, zake si ameuza?

Muuzaji ni bwana mmoja mwenye ndevu hadi kifuani, anaitwa Tucker. Hata sijamaliza salamu, kashaniwekea juu ya kioo kibastola cha zambarau, kidogo kama kitana. Wanawake wanakipenda, akasema, kinaingia kwenye mkoba. Nikamwambia mkoba wangu umejaa. Nataka kitu cha kutoboa karatasi, mchana kweupe, kisha nirudi nyumbani nikapike. Gaylen akakohoa kuficha kicheko.

Akatoa nyingine. Kubwa, nyeusi, milimita tisa, ya mtumba, bei nzuri. Nikaishika vizuri – nzito kama pasi. Nikashindwa kuikoki. Nilivuta, nikavuta, vidole hivi vyangu vya baridi yabisi vikagoma. Tucker akaivuta kama mtu anayefungua droo. Nilimchukia kidogo.

Nimerudi mikono mitupu. Verlin akauliza imekuwaje, akijifanya hajali, huku ameshazima sauti ya televisheni. Nilipofika kwenye ile ya zambarau akaguna. Kadiri bastola ilivyo ndogo ndivyo inavyopiga teke, kila mtu anajua hilo, huyo Tucker akauze vyambo vya samaki. Akaendelea hivyo mpaka supu ikapoa. Mimi nikapiga miayo ya uongo. Moyoni – sherehe.

Jumatatu, 8 Aprili

Jua limepatwa. Mtaa mzima nje, miwani ya karatasi, viti vya kukunja, watu wamekuja mpaka kutoka Ohio. Verlin alifika varandani. Nikasema kimoyomoyo, usimwambie kitu, Nedra, usimsukume.

Kiza kikaingia alasiri ile. Kuku wa jirani wakakimbilia bandani. Watu wakapiga mayowe ya furaha. Nikageuka nimwonyeshe – hayupo. Jirani alikuwa amempungia mkono, naye mkono wake mzima umeshika nguzo. Angejibu kwa upi? Akarudi ndani.

Nikalia kidogo. Miwani ile inaficha mengi.

Jumatano, 10 Aprili

Leo nimefyatua. Mimi!

Kule nyuma ya duka kuna mahali pa kujaribia. Unakodi bastola, unapewa vifunika masikio na miwani, unasimama kwenye kichumba kama cha kupigia kura. Gaylen alisimama nyuma yangu na kurudia neno moja, kidole. Kidole nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari. Mtutu mbele daima, hata kama unajua haina risasi. Hasa kama unajua.

Nilianza na ile ya zambarau, kwa ukaidi tu. Iliniuma! Ilirudi nyuma ikaning'ata kwenye nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada. Risasi yenyewe sijui ilikokwenda. Verlin alikuwa sahihi na sitamwambia.

Kisha rivolva ya mtumba. Hiyo haina shida ya kukoki, unavuta kifyatulio tu. Lakini kifyatulio chenyewe! Kama kuvuta kizibo cha bafu kilichokwama. Nilipomaliza kuvuta nilikuwa nimesahau nalenga nini.

Halafu Gaylen akaomba ile iliyokuwa pembeni, chini kabisa, haina hata kibandiko kizuri. Ya risasi ndogo, za ukubwa wa ishirini na mbili. Imekwaruzwa ubavuni, na mwenyewe wa kwanza alichora herufi B.L. kwenye mpini, kwa msumari nadhani. Nikaikoki – ikakubali! Laini kama zipu ya koti la zamani. Nikafyatua. Pa. Mlio mdogo wa adabu. Haikurusha mkono wala kuniuma. Nikafyatua tena na tena mpaka ikaisha, kisha karatasi ikasogezwa, na pale karibu na katikati palikuwa na tundu. Tundu langu.

Tucker akasema ukweli, na kwa hilo nikamsamehe mengine: bastola ile ni ya kuchezea tu, ina kigugumizi ukiilisha risasi mbovu, lakini risasi zake ni rahisi kuliko zote dukani, na mtu atafyatua mchana kutwa bila kuuza ng'ombe. Bei yenyewe chini ya dola mia mbili. Wakapiga simu yao ya kuuliza kama mimi ni mhalifu. Nikasubiri na jasho utadhani ndimi kweli. Si mhalifu.

Nimerudi naimba njiani. Sijui kwa nini. Mpango ulikuwa kwa ajili ya Verlin, siyo kwa ajili yangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemwonyesha. Niliiweka mezani juu ya taulo, magazini, kile kikasha cha risasi, imetolewa, tundu wazi, kila mtu aone ni tupu. Verlin akainama akaitazama kama daktari wa mifugo.

"Hiki ni kifungulia chupa," akasema.

Nikasema kifungulia chupa changu kinapiga katikati. Akasema B.L. ni Bastola Legelege. Tukacheka wote. Kisha mimi, kwa ujinga wangu, nikamwambia anionyeshe namna ya kuikoki kwa haraka kama wanavyofanya wao.

Alisahau. Naapa alisahau kabisa. Aliishika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukaja kuvuta kama ulivyokuwa ukija siku zote. Vidole havikushika. Bastola ikateleza ikagonga meza, ikaanguka kwenye zulia.

Hakuna aliyeinama kuiokota. Baadaye akasema polepole kwamba anajua ninachofanya. Kwamba hajaumwa kichwa cha kufikiri, ameumwa mkono. Kwamba kama nataka kumfanya kichekesho mbele ya klabu, nitafute mume mwingine wa kuchekwa.

Akaenda kulala na jua halijazama.

Ijumaa, 12 Aprili

Hatujasemezana. Nimepika anachopenda. Hakula.

Jumamosi, 13 Aprili

Nilitaka kuirudisha dukani. Gaylen akaja na gari kama tulivyopatana, nikatoka kumwambia siendi. Kisha nikajiuliza: nisiende kwa nini? Nikamkuta mlangoni mwa moyo wangu mtu nisiyemtarajia – nina hamu! Nimeiota usiku ile bastola mbaya.

Nikarudi ndani nikasimama mbele ya kiti chake. Nikamwambia kweli, nilinunua kwa hila, nilitaka utoke. Nisamehe. Lakini sasa naenda kwa sababu napenda, na nitarudi saa ya chakula cha mchana. Akatazama dirishani. Sikungoja jibu.

Klabuni pale karibu na machimbo ya mawe, upepo, matope, wazee watano na thermosi zao. Wakanipisha nafasi. Nililenga vibaya sana. Kisha vibaya kidogo tu. Kila magazini, mara moja au mbili, kifungulia chupa kikashikwa na kigugumizi – ganda la risasi linanasa, nasimama naitazama kama mjinga. Gaylen ana jibu moja kwa kila kitu: piga kofi chini, koki, endelea.

Nilirudi nanuka baruti, njaa inaniuma. Nikaketi kula sandwichi ya nyama ya nguruwe. Kisha kutoka kwenye kile kiti:

"Imekwama mara ngapi?"

Nikasema nyingi. Akauliza linanasa ganda likitoka au risasi ikiingia. Sikujua. Akasema hilo ndilo swali la kwanza mtu anajiuliza, Nedra, huwezi kumtibu mgonjwa bila kumuuliza panapouma. Akaniamuru nilete taulo, mafuta na mswaki wa zamani. Nikaifungua chini ya amri yake, springi ikarukia chini ya friji, tukaitafuta kwa ufagio. Uchafu uliotoka humo! B.L. hakuwahi kuisafisha maishani mwake.

Hakuigusa hata mara moja. Lakini alisogeza kiti mpaka mezani.

Jumatano, 17 Aprili

Nilishuka gereji kuchukua maharage kwenye friza. Nikamkuta Verlin amesimama, miguu imepanuliwa, jicho moja limefumbwa, ananyoosha drili ya umeme kwa mkono wa kushoto. Analenga kopo la rangi.

Tukatazamana.

Akasema anaangalia kama drili inafanya kazi. Nikasema haijachomekwa. Akasema ndiyo maana haifanyi.

Nikachukua maharage nikapanda ngazi. Nikacheka ndani ya taulo la jikoni mpaka machozi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Verlin ameniuliza kesho naondoka saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Aa." Basi. Sijaongeza neno. Nimejing'ata ulimi mpaka sasa hivi.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika nyuma ya karatasi ya shabaha, hapa benchini klabuni. Nitaibandika baadaye.

Asubuhi Verlin alikuwa kwenye gari la Gaylen kabla yangu. Kofia, koti, mkono wa kulia mfukoni. Akasema anakuja kusikia tu lile ganda linanasaje, kwa masikio yake, maana maelezo yangu hayaeleweki. Gaylen akasema heri na yeye apumzike na maelezo yangu. Njia nzima walizungumza habari za mpira wa kikapu kana kwamba waliachana jana.

Wazee walimpokea vizuri. Hakuna aliyemshika bega wala kumwonea huruma. Mmoja tu alimwambia, "Tulidhani umehamia Florida," akampa kahawa. Mkono wa kushoto ukaipokea.

Nilifyatua magazini mbili. Ikakwama. Verlin akasimama nyuma yangu akasikiliza kama fundi wa piano. Akasema tatizo ni magazini, mdomo wake umepinda kidogo. Akataka kuhakikisha. Akaniambia nijaze risasi, kidole gumba chake hakiwezi, alisema hivyo hivyo, mbele ya watu wote, kama mtu anayesema mvua imekatika. Nikajaza. Nikaikoki. Nikamkabidhi mtutu ukielekea mbele.

Akaacha mkono wa kulia utoke mfukoni, ukaning'inia. Akanyoosha wa kushoto.

Magazini ya kwanza hakupiga hata ubao. Udongo wa kilima cha nyuma ya shabaha ndio uliotobolewa. Nilishindwa kutazama. Gaylen akasema kwa sauti kwamba kilima kimejisalimisha, mzee, unaweza kuacha. Wazee wakashusha vikombe – kisha Verlin akacheka, na wote wakacheka, akasema jaza tena.

Ya pili, karatasi ikapata matundu pembeni. Ya tatu, moja ikaingia kwenye duara la nje. Akageuka kunitazama. Jasho, uso mwekundu, mdomo umekwenda upande. Akasema bastola hii inavuta kulia. Nikasema kwangu haivuti popote. Akasema ni ya bei poa lakini siyo mbaya, Nedra, umechagua vizuri, jaza tena.

Sasa ni ya ngapi sijui. Kisanduku cha risasi zangu kimefika nusu. Vidole vyangu vinauma kwa kujaza. Nimemwambia kwa upole zamu yangu imepita zamani. Akasema moja tu. Nimemwambia akatafute ya kwake, Tucker yupo mpaka jioni. Akasema wazo zuri, tutapitia, lakini kwanza moja tu. Gaylen anaitazama anga.

Nilianza haya yote kwa ajili yake. Nimefanikiwa, namshukuru Mungu. Lakini karatasi yangu imesimama pale, karibu safi, ina matundu matatu tu, upepo umetulia, na bastola ni yangu, nimeinunua mimi, ina herufi za mtu mwingine lakini ni yangu – na mwanamume huyu hataki kunirudishia.

Nakwenda kumwambia tena. Siyo kwa upole.