Wanasubiri Toleo la Pili, Owor

Kaka Owor,

Bado walikuwa wanakuandikia. Miezi yote hii. Barua pepe ya mwisho ilitoka kwa yule mtunzaji wa draiva, ile programu tuliyokuwa tunairekebisha, yule uliyekuwa unasema anaandika kama mtu anayeumwa jino. "Habari Owor. Tunasubiri toleo la pili." Basi, hakuna zaidi. Niliisoma, nikaifunga, nikaenda kuchemsha chai, na chai yenyewe sikuinywa.

Zilinifikia mimi kwa sababu kila ulipowaandikia uliweka jina langu pembeni. Kazi ni yetu, ulisema. Halafu ukaenda kwenu Mella siku ya Ijumaa, ukaniambia mlangoni, "Nafula, Jumatatu tunamaliza," na Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu. Presha, walisema. Ulianguka ukitoka kuoga. Kaka, nisikufiche, kabla sijalia nilikasirika. Wewe ndiye uliyekuwa unanihubiria kila siku: "Usikate. Aga kwanza." Ulimwambia hivyo fundi wa umeme, ukamwambia bosi akikata simu, ukaniambia mimi nikizima mashine kwa pupa. Halafu wewe ukaondoka vile.

Chumba chetu juu ya duka la mabati kipo. Kliniki za pande zote mbili za mpaka bado zinatuletea picha zao za eksirei tuzihifadhi. Bosi aliweka printa juu ya meza yako, nikaitoa, akairudisha, nikaitoa tena, sasa ameniachia. Asubuhi bado navuka kwa miguu kutoka upande wa Kenya, na yule mama wa chapati bado ananifungia mbili, yako na yangu. Nakula zote. Nimenenepa, ungenicheka.

Mvua zilirudi, na radi pamoja nazo. Unakumbuka ulivyokuwa unasimama dirishani ukisikiliza? "Hiyo bado iko Tororo," unasema, halafu unarudi kukaa. Mimi sijui kupima kama wewe. Ngurumo ya kwanza tu nilikuwa nazima mtandao, na mashine inaganda palepale, kama zamani.

Matanga yalipoisha nilirudi Mella kumpelekea mama yako koti lako na kikombe. Alikuwa anamenya karanga. Akaniuliza, "Mtoto wangu, ile kazi Owor alikuwa nafanya mpaka nasahau kukula, ni kazi gani?" Nikaona aibu kumjibu kwa maneno yetu ya ofisini, basi nikamweleza pole pole. Picha za wagonjwa hazikai ndani ya mashine kubwa. Zinakaa kwenye sanduku la diski chumba cha pili, na waya unapita katikati. Mashine ikitaka kuweka picha haiongei na diski yenyewe, imeiachia kadi ya mtandao iongee kwa niaba yake, ili yenyewe ipumue. Draiva ni ile programu ndogo inayoisimamia kadi. Sasa huku kwetu radi ikianza tunazima mtandao haraka kabla vitu havijaungua, na tukizima, kadi inakatwa katikati ya maongezi. Diski haziagwi, na mashine iliyoituma kadi haipewi habari. Inakaa inangoja jibu. Haisikii amri, haizimiki, mpaka tuchomoe umeme, na tukichomoa, picha zinaharibika. Nikamwambia wenzetu wa mbali wanaoitunza draiva hiyo hawaioni sana shida hii kwa sababu hawazimi mtandao karibu kila alasiri. Owor aliiona kwa sababu tunaishi chini ya radi, akaandika marekebisho, akawatumia, nao wakamrudishia swali moja na kuomba toleo la pili.

Mama yako aliacha kumenya. "Kwa hivyo hiyo mashini nangoja tu? Hakuna mtu naiambia?"

Nikamwambia hakuna.

"Hiyo ni vibaya," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Nilicheka njiani, nyuma ya bodaboda, upepo wote usoni. Halafu nikaacha kucheka. Kulikuwa na watu wanakungoja wewe, na aliyejua ni mimi, na nilikuwa nimenyamaza.

Nisikudanganye kwamba nilisahau. Nilipenda. Kila barua iliyoanza na "Habari Owor" ilikuwa mahali pamoja duniani ambapo wewe ulikuwa mzima, umechelewa tu kujibu. Huku kila mtu alishaambiwa. Mpangaji mpya ameingia chumba chako, laini yako ya simu imezimwa, watu wakinisalimia hawakutaji tena, wanadhani wananihurumia. Kwa wale wa mbali ulikuwa bado mtu mwenye shughuli nyingi. Nikiwaambia, ungekufa na huko pia. Na kazi yako isingeweza kusonga bila kuwaambia, maana toleo la pili lazima litoke kwa mtu fulani, na mtu huyo aseme yeye ni nani.

Basi nikaanza na kazi, kwa sababu kazi ilikuwa nyepesi kuliko kusema.

Swali lao ulilijua. Kama diski hazijibu kabisa, draiva itasubiri hadi lini kabla ya kuuacha mtandao uzimwe? Toleo lako lilikuwa linaziaga diski vizuri, halafu linasubiri zote zijibu, bila kikomo. Tuligombana juu ya hilo, mpaka siku moja ukapiga meza. "Hapo ndani kuna kifua cha mtu, Nafula. Hatukati." Nikanuna. Sasa ningetoa chochote unipigie meza tena.

Jaribio langu la kwanza liliganda vibaya kuliko la kwako. Nilikuwa nimeshika kufuli moja, ile zamu ambayo ni sehemu moja tu ya programu inayoweza kuishika, huku nasubiri maongezi yafungwe, na maongezi yenyewe yalihitaji kufuli hilohilo ili yafungwe. Kila mmoja amsubiri mwenzake mpaka kiama. Ungeliona kosa lile kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Mimi lilinichukua siku nzima, nikageuka kukuambia nimelipata, nikakuta printa. Bosi alikuwa ameirudisha tena.

Halafu nikaelewa kitu ambacho hatukukifikia siku ile ya kupiga meza. Ulikuwa unaogopa kwamba kukata ni kupoteza. Lakini kinachopoteza picha ni ule ukimya. Draiva ikiziaga diski, ikazipa muda wa kutosha, na zisipojibu ikageuka kuiambia mashine wazi kwamba upande wa pili hawajibu, basi mashine haigandi. Inaishika ile picha mkononi, inaiacha kadi izimwe, na mtandao ukirudi inaituma upya. Kwa hiyo nimeweka kikomo. Ndiyo, kaka, nimekishinda kichwa chako kigumu, na hukuwepo kubisha, na ushindi wa namna hiyo hauna utamu hata kidogo.

Nilijaribu alasiri moja ambayo mawingu yalikuwa yanapanda. Sikutumia picha ya mgonjwa yeyote. Nilichukua ile yetu ya majaribio, ile eksirei ya kifua chako uliyopigwa wakati wa kile kikohozi kirefu. Nikaanza kuituma kwenye diski, na ilipofika katikati nikachomoa waya upande wa sanduku ili diski zisiweze kujibu, halafu nikazima mtandao. Draiva ikaaga. Haikujibiwa. Ikasubiri, na mimi nikasubiri nayo nimeshika ukingo wa meza yako. Kisha ikaacha kusubiri, ikaiambia mashine, mtandao ukazimika. Mashine ikabaki nzima. Niliandika amri, ikanijibu.

Nilipowasha tena mtandao na kurudisha waya, nikaifungua ile picha. Mbavu zako zote zipo, kaka. Kivuli cha moyo kipo mahali pake. Nililia pale mpaka mvulana wa dukani akagonga mlango kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Kesho yake nikawaandikia. Jina la mwandishi wa kazi nimeacha lako, na langu nimeliweka chini yako, ndivyo inavyostahili. Maelezo ya draiva yalinitoka upesi. Ile sentensi ya juu ndiyo iliyonishinda asubuhi nzima. Niliandika kwamba umepata matatizo, nikafuta. Nikaandika kwamba hutaweza kuendelea, nikafuta. Mwishowe nikaandika: Owor amefariki. Tangu ile simu ya Jumatatu nilikuwa sijawahi kuyaandika maneno hayo kwa mkono wangu. Nikayatuma.

Yule wa jino linalouma alijibu siku hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza aliandika mistari mirefu. Alisema pole, kwamba hakujua, na kwamba maswali yako yalimfanya aisome upya draiva yote tangu mwanzo. Halafu akarudia hali yake: "Tumeipokea. Kuanzia sasa tumwandikie nani?"

Nikamjibu: mimi.

Sijisifu. Naogopa sana, na hakuna wa kumwambia naogopa. Zamani nilikuwa nageuza tu kiti. Lakini ahadi yangu kwako ni hii, nami siitoi kwa mzaha: atakayeuliza juu ya kazi yako atajibiwa, hata kama jibu ni kwamba sijui, nipe muda nitafute. Hakuna atakayengojeshwa kimya kwa jina lako. Na nitapanda Mella kumwambia mama yako kwamba sasa mashine inaambiwa. Atasema "hiyo ni vizuri," na aendelee na karanga zake.

Kwaheri, kaka. Nakuaga kwa sababu hatukuagana. Leo asubuhi nimefungua barua pepe, zimekuja nne, na zote zinaanza na "Habari Nafula."

Ni mimi,
Nafula