Gitaa la Ngui

Shauri Moyo, Nairobi
Agosti 1979

Shemeji Matheka,

Tunakusalimu huko Leeds. Hapa kuna baridi kali, lakini tunavumilia.

Nakutumia gitaa la kaka yako kwa meli. Nimelegeza nyuzi ili shingo isivunjike, na sanduku nimelijaza magazeti. Nilipokuwa nalifunga, Mama alinishika mkono.

"Kavata, Ngui akirudi atapiga nini?"

Tangu tumzike Juni Mama hakuwa amelia, na kila jioni bado humwekea chakula. Nikamwambia, "Mama, Ngui harudi tena."

Ndipo akalia, akalia sana. Halafu akachukua blanketi la mwanawe, akalizungushia gitaa polepole.

"Mwambie Matheka alipige," akasema. "Asilitundike ukutani."

Ni mimi shemeji yako,
Kavata